Wiki Moja ya Kuliokoa Baraza la Babu

Jumamosi, 3 Mei

Msiba nyumbani! Wale nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao wamelivamia tena baraza. Nimehesabu matundu kumi na tisa; kila moja linaingia kidole changu. Bibi Ottie amesema amechoka kufagia unga wa mbao. Jumamosi ijayo ikifika na nyuki wapo, kaka yake, Mzee Delmer, atalibomoa na kujenga la plastiki.

Babu Orville aliacha kutafuna. Baraza hilo alilijenga baba yake kwa mikono yake mwenyewe. Aliondoka mezani.

Nitaliokoa mimi. Babu ana bastola ya kizamani, ile ya kushindilia baruti. Badala ya risasi moja hutiwa marisawa, punje ndogo kama mbegu za haradali. Tutawapiga nyuki wakiwa hewani; shida ni mtawanyiko wa punje tu. Mtawanyiko ni hesabu. Na hesabu nilipata A!

Jumapili, 4 Mei

Baada ya kanisa, kazini. Babu anapiga, mimi napima. (Kugusa bastola nimekatazwa hadi niolewe, na hata hapo mume wangu aje aombe ruhusa.) Tunapiga kuelekea mlimani, kusiko na mtu.

Nilihitaji kitu kipana cha kuonyesha punje zinatua wapi. Nikaona shuka jeupe kwenye kamba. Matokeo: punje kila mahali, hata kwenye ndoo. Nyuki hawakujali.

Shuka lilikuwa la harusi ya Bibi. Sikujua! Bibi ameniuliza kama yeye ni samaki, alale kwenye wavu.

Jumanne, 6 Mei

Nilishauri baruti ipunguzwe. Babu akapunguza. Safi sana! Punje zimetua pamoja, duara zuri kama sahani. Ila katikati ya sahani hakuna kitu. Tupu kabisa.

Babu ameeleza kwamba ndani ya mtutu mna mifereji iliyopinda. Inazizungusha punje, nazo zinakimbilia pembeni. Basi nyuki anaelea palepale katikati, moshi unatawanyika, na yeye bado yupo, anamtazama Babu usoni.

Mzee Delmer alikuja kupima baraza. Akakaa kwenye ngazi na chai yake baridi, akamwambia Babu: shemeji, huyo mpe jina kabisa, mmeshakuwa ndugu. Nimefungua orodha ya maadui. Delmer yumo peke yake.

Alhamisi, 8 Mei

Jibu nimelipata! Lenga shibiri moja kushoto, ukingo wa duara utamkuta nyuki. Kwenye daftari ni kamili.

Babu hawezi. Miaka arobaini amelenga katikati. Ana vikombe vitatu vya mashindano. Anaanza kushoto, mkono unarudi wenyewe. Nilimsihi. Akasema, Idella mjukuu wangu, niombe hata figo nitakupa, lakini usiniombe kukosa.

Mara kumi na mbili. Nyuki kumi na wawili, wote wazima wa afya.

Zimebaki siku mbili. Babu ameshinda ameegemea nguzo ya baraza, anaipapasa kama ng'ombe mgonjwa. Nimelia bandani. Dakika nne tu.

Ijumaa, 9 Mei

Bibi alitoka jikoni na unga mikononi. Akasema makelele yetu yameiporomosha keki yake, na hebu lete hicho kidude. Hajawahi kupiga maishani! Babu akamshika mabega, akamwelekeza mlimani. Bibi akafumba macho yote mawili.

Puu! Nyuki chini. Puu! Mwingine. Sita kwa sita! Halengi katikati, basi ukingo wa duara unawakuta! Moshi ulipoisha uso wake ulikuwa mweusi kwa masizi, na alikuwa anacheka kama msichana. Babu alianza kuijaza bastola tena kabla hajaombwa.

Jumamosi, 10 Mei

Mzee Delmer alifika na nyundo kubwa. Bibi alimsimamisha getini. Alimwuliza: ukilibomoa, nyuki wangu watakuja wapi, Delmer? Kwenye plastiki yako? Hebu nenda zako, unanifukuzia.

Akaenda. Baraza limepona! Babu alimpa Bibi kiti chake mwenyewe, kile ambacho hata mchungaji hakalii.

Jumapili, 11 Mei

Bibi amempiga nyuki wa mwisho kabla ya chakula cha mchana. Tangu hapo amekaa ametazama angani, bastola mezani. Amesema baraza bila nyuki ni mbao tu. Nimeogopa. Je, akimwita tena Delmer alibomoe?

Lakini nimefikiri. Nyuki hupenda nyumba iliyo tayari. Babu na Bibi walipolala mchana nilichukua keekee na kutoboa matundu sitini kwenye boriti kuu, ile inayobeba paa. Kipenyo kilekile, nafasi sawasawa, mstari umenyooka. Kazi safi kuliko ya nyuki wenyewe.

Boriti imelalamika kidogo upande wa kulia. Nadhani mbao za zamani ndivyo zilivyo.

Nawasikia wanaamka. Natumaini Babu atatoka wa kwanza aone.