Mshale Ulioganda Thelathini na Nane

Jumatatu, 6 Mei

Siku ya kwanza ya pikipiki mpya. Nyekundu! Kiti bado kina nailoni, na sitaitoa. Bila nailoni watu watajuaje kuwa ni mpya?

Nimeenda nayo kazini moja kwa moja. Karakana yetu inatengeneza meno ya bandia. Mafundi wanatengeneza, mimi nayapeleka kliniki. Tuko wapelekaji wawili kwa majaribio: mimi, na mzee mmoja tunayemwita Baiskeli kwa sababu ndicho chombo chake. Jumatatu ijayo Bosi atabakiza mmoja. Mmoja tu! Na mimi nyumbani nimeshasema kazi nimepata. Mke wangu kamwambia mama yake. Mama mkwe ndiye aliyeniombea kazi kwa Bosi, walisoma pamoja. Nikiikosa sijui nitaingia nyumbani kwa mlango gani.

Bosi ana sheria moja. Kilomita hamsini kwa saa, mwisho. Meno ya kujaribishia hupangwa kwenye nta, na ukikimbia yanatikisika. Mpelekaji aliyetutangulia alikimbia, mgonjwa akafungua boksi akakuta magego yamehamia mbele.

Basi leo natoka karakana, natupia jicho mshale wa spidi. Thelathini na nane. Safi. Nikaongeza moto. Thelathini na nane. Nikateremka kilima upepo ukinitoa machozi. Thelathini na nane! Nikafika, nikazima, nikachomoa ufunguo, nikautia mfukoni. Thelathini na nane.

Jirani yangu mjuaji anasema nirudishe dukani, ila wataikalia wiki mbili. Wiki mbili! Jumatatu ijayo niwe natembea kwa miguu na meno ya watu mkononi? Sirudishi. Wala kazini simwambii mtu.

Jumanne, 7 Mei

Asubuhi kwa fundi wa pikipiki. Kagonga kioo kwa kucha, katega sikio. Kasema kuna kitu kimeng'ang'ania ndani lakini yeye hagusi, kuna sili. Ni kipande cha plastiki nyuma ya dashibodi. Kikikatika tu, garantii imekufa. Naye kasema nirudishe dukani. Wote wameimba wimbo mmoja, bila shaka wamepanga.

Saa nne Bosi katuita. Anataka taarifa ya mwendo wetu kila siku, kwa maandishi. Baiskeli kauliza yeye ataandika nini. Mafundi wakacheka. Mimi sikucheka, nilikuwa nimeshapata wazo. Wazo zuri ajabu!

Kila kituo nilisimama, nikapiga picha ya dashibodi kwa simu, nikamtumia Bosi. Picha kumi na moja. Thelathini na nane, thelathini na nane, thelathini na nane. Jioni Bosi kazichapa zote na kuzibandika ubaoni. Kawaambia mafundi wote waje waone nidhamu ya mtu mzima.

Baiskeli kazitazama muda mrefu, mikono nyuma. Halafu kauliza kwa upole mbona picha ya sita ina kuku amesimama juu ya madigadi ya mbele. Nikamwambia kuku wa siku hizi wamezoea safari. Mzee yule ana wivu.

Jumatano, 8 Mei

Sikulala vizuri. Picha zinasema thelathini na nane, lakini mwendo wenyewe siujui! Nikizidisha, nta inatikisika. Nikipunguza, nachelewa. Nilihitaji kipimo.

Mpango: kufuata gari lisiloweza kukimbia. Lori la taka likapita. Zee, linakohoa, haliwezi kufika hamsini hata likisukumwa. Nikajibanza nyuma yake, boksi la meno likiwa limefungwa kiunoni. Mwendo mtamu. Nilijisifu kwa sauti ndani ya kofia.

Nilijisifu mno. Nilipozinduka lami ilikuwa imeisha, na mimi na lori tulikuwa katikati ya jalala. Mfanyakazi wa jalala kauliza nimeleta nini. Nikasema meno. Kanionyesha kwa kidole pa kuyatupa.

Kliniki nimefika nimechelewa dakika hamsini, nanuka. Daktari kanusa boksi, kaninusa mimi, kaandika kitu kwenye daftari lake. Nimemtumia Bosi picha. Thelathini na nane.

Alhamisi, 9 Mei

Habari mbili. Ya kwanza inatisha kwa uzuri, ya pili inatisha tu.

Bosi kasema Jumamosi nitabeba meno ya mama mkwe. Seti nzima, juu na chini, yameshamalizika. Kanichagua kwa ajili ya zile picha. Mama mkwe ni mwalimu mkuu, anastaafu. Jumamosi saa nne shule nzima inamuaga na yeye lazima ahutubie. Mwezi wa pili sasa anasema nyuma ya kitambaa kwa sababu mdomoni hamna kitu. Mwanamke aliyenyamazisha wanafunzi mia nane kwa kukohoa! Saa mbili daktari wa kliniki anamvalisha, saa nne anapanda jukwaani. Bosi kanishika bega, kasema nikiyafikisha salama, kazi ni yangu.

Ya pili. Natoka hapo kichwa kimevimba, njia panda askari wa barabarani kanipiga mkono. Kasema kifaa chake kimesoma sabini na moja. Nikamwambia kwa heshima zote, afande, tazama mwenyewe, mashine yangu inasema thelathini na nane. Kainama. Katazama mshale. Katazama ufunguo mkononi mwangu. Kaniuliza kwani hata sasa tunakwenda, ajishike mahali?

Kaandika namba yangu. Kasema anasimama hapo kila siku, na Jumamosi nikipita na mshale uliokufa, pikipiki inalala kituoni. Jumamosi! Njia ya kliniki ni hiyo hiyo moja.

Maji yamenifika shingoni. Mke wangu kaona sigusi chakula, kauliza kuna nini. Nikasema ni furaha.

Ijumaa, 10 Mei

Mke wangu kaenda kumsaidia mama yake kupiga nguo pasi. Nyumba tupu. Nikaingiza pikipiki sebuleni, nikafunga pazia, nikachukua kisu cha jikoni.

Sili ilikatika kwa sauti ndogo sana. Garantii ilikufa bila hata kulia.

Ndani mna kijispringi chembamba kama unywele. Mshale ulikuwa umekinasa. Nikauvuta kidogo. Haukutoka. Nikauvuta sana. Ukatoka pamoja na springi, ikanyooka. Jasho! Nikaikunja upya kwa pini ya nywele ya mke wangu, nikarudisha mshale kwenye sifuri, nikafunika. Nikazungusha tairi la mbele kwa mkono.

Mshale ukapanda! Tairi likasimama, ukashuka! Nilibusu kioo. Nikataka kuijaribu barabarani, ila nikasikia kitasa cha geti, nikabaki kuisukuma nje kupitia mlango wa nyuma. Mke wangu kakuta alama ya tairi kwenye zulia. Nikasema nilikuwa nafagia.

Jumamosi, 11 Mei



Saa moja na nusu nipo karakana. Na mama mkwe yupo! Hakuweza kusubiri kliniki, kasema meno yake yatasafiri mapajani mwake mwenyewe. Gauni jipya, kofia, kitambaa mdomoni. Bosi kamwonyesha picha zangu ubaoni, moja baada ya nyingine, kamwambia mama usiwe na wasiwasi, huyu hazidishi hamsini, na akizidisha uniambie. Mama mkwe akaitikia kwa kichwa. Kapanda nyuma, boksi mapajani, kidevu begani kwangu. Anaona mshale vizuri kuliko mimi.

Nikaondoka taratibu. Hatujatoka hata getini, mshale uko arobaini. Mlinzi anatembea pembeni yetu akitusindikiza, na mshale unasema arobaini!

Nikaongeza kidogo tu. Tisini. Mama mkwe akanifinya mbavu, kwa kitambaa na kila kitu. Nikapunguza. Hamsini. Mwendo wa hamsini ulikuwa huu: miguu yangu yote miwili chini, nakanyaga lami nisianguke. Mama mmoja mwenye beseni la nguo kichwani katupita. Kasalimia, kaendelea.

Neno lilikuwa kwenye ulimi. Mama, mshale huu unadanganya. Sentensi moja! Lakini angeuliza umeanza lini kudanganya. Halafu angeuliza zile picha. Na Jumatatu ni keshokutwa. Nikameza.

Njia panda askari alikuwepo. Kainama, kaona mshale hai, kampigia mama mkwe saluti, kaniambia huo ndio uungwana barabarani. Tukampita. Ilichukua muda kumpita.

Saa mbili kasoro dakika tano. Mama mkwe kafundisha hisabati miaka kumi kabla ya kuwa mkuu. Kanisemesha kutoka nyuma ya kitambaa, neno moja moja. Kasema kliniki ni kilomita tisa, kwa hamsini ni dakika kumi na moja. Sisi tuna dakika ishirini na tano na bado anaiona karakana. Kauliza kama kilomita za mtaa huu ni ndefu kuliko nyingine. Nikasema ni foleni. Barabara nzima tulikuwa sisi na mbuzi mmoja.

Hapo nikasikia kengele. Sikugeuka, niliijua. Baiskeli akatokea ubavuni na boksi lake la meno, anaendesha kwa starehe zake, kamwamkia mama mkwe shikamoo ingawa wanalingana umri. Mama mkwe akanigonga bega. Simama.

Kashuka. Katazama mshale, ulikuwa sifuri sasa. Katazama njia tuliyotoka, fupi mno. Kanitazama mimi. Kisha kapandisha gauni kidogo, kakaa upande kwenye keria ya baiskeli, boksi kifuani, na wakaondoka. Sijawahi kuona baiskeli ikienda mbio namna ile. Nilibaki barabarani nimesimama. Niliona aibu. Naandika wazi kwa sababu hakuna anayesoma: niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Shuleni nilifika hotuba imeanza. Nilisimama mlangoni. Meno meupe, yamekaa, kila herufi ilisikika hadi ukuta wa nyuma. Watoto walimlilia. Kamshukuru Bosi, kamshukuru daktari, kamshukuru mzee wa baiskeli, ukumbi ukapiga makofi. Akasema mkwe wake naye yuko njiani, wasali afike kabla ya giza. Ukumbi mzima ukacheka. Mke wangu hakucheka.

Jumatatu, 13 Mei

Baiskeli kapewa kazi.

Kaja kunitafuta mwenyewe, kofia mkononi. Kumbe alijua tangu siku ya kuku! Kuku hasimami kwenye madigadi ya pikipiki inayokwenda, kasema, hata huko vijijini. Hakutaka kunichongea. Halafu kasema jambo ambalo nusura linilize: kamwomba Bosi wawe wapelekaji wawili, maana kliniki za mbali zinamchosha magoti. Bosi, aliyeambiwa na mama mkwe kuhusu mshale, kakubali kwa sharti moja. Nirudishe pikipiki dukani, nieleze ukweli, nije na karatasi kwamba mshale umetengenezwa. Mke wangu kasema hivyo hivyo asubuhi, akiwa amenipa mgongo: mume wangu, sema ukweli mara moja tu uone kama utakufa.

Basi nipo dukani. Naandikia kwenye benchi la wateja.

Karani wa duka ni kijana mwenye adabu. Kabla sijamaliza kueleza kasema pole sana, mzigo ule wote ulikuja na mshale mbovu. Wanaubadilisha bure, nusu saa, mteja akisubiri.

Nusu saa! Jirani mjuaji nitakuja kumwona.

Kazunguka nyuma ya dashibodi. Karudi na fomu. Kasema kwa upole sili imekatwa, na nisiogope, wateja wengi wanafanya hivyo. Meneja husamehe, mradi tu mwenyewe aandike kwa mkono wake nani alifungua. Mstari mmoja. Kanipa kalamu.

Nilikusudia kweli kuandika jina langu. Nilishaanza herufi ya kwanza. Lakini nikafikiri: karatasi hii itafika kwa Bosi. Na nani atamhoji mtu mzima anayeheshimika? Nikaandika: mama mkwe.

Karani kasoma. Kauliza mama mkwe wangu ni nani. Nikamtaja kwa fahari, mwalimu mkuu, ndiyo, yule aliyestaafu juzi. Kijana kasimama wima, kafunga kifungo cha shati. Kumbe mama mkwe kamfundisha yeye darasa la tano mpaka la saba! Kasema haiwezekani, mwalimu hagusi kitu cha mtu bila ruhusa. Na sasa hivi anampigia simu kumuuliza, heshima zake zisichafuliwe bure.

Nasikia sauti ya mama mkwe simuni kutoka hapa kwenye benchi. Maneno yanatoka safi kabisa, meno hayachezi. Kasema anakuja mwenyewe. Kauliza kama kuna baiskeli karibu.

Nina dakika ishirini. Sina wasiwasi hata hivyo. Karani ameingia stoo, fomu iko juu ya kaunta, kalamu ninayo, na mbele ya neno "mama mkwe" pana nafasi ya kutosha kuandika "jirani wa".