Majina Halisi ya Miti

Jumatatu, 5 Machi 1973
Nafasi ya msaidizi wa utafiti hapa bustani ya miti ni moja tu. Tunaoitaka ni wawili: mimi na Hortense. (Majina ya ubatizo yamepigwa marufuku, lakini daftari hili halisomwi na mtu.) Ijumaa profesa anakuja kutoka Lubumbashi kuchagua. Hortense anashinda akipima viuno vya miti kwa utepe, kama fundi cherehani. Mimi nina diploma. Na nina wazo!

Jumanne, 6 Machi
Wazo: watu tumebadilisha majina, mji umebadilisha jina, ila miti bado inaitwa kwa Kilatini. Enzi hizi za authenticité, za kurudia uasili wetu! Aibu! Nitaipa majina halisi. Nimemwuliza Papa Barnabé, mtunza bustani, anayetambua mti kwa kunusa gome lake. Mupundu, mubanga, musamba: hakusita. Ila kwa miti kumi na tisa mirefu ya upande wa reli, jibu lilikuwa lile lile: mukalitusi. Nilimsihi atofautishe. Akasema, "Ile yote ni mukalitusi, mutoto yangu. Unataka nikudanganye?" Neno tamu, la mababu. Nalijua tangu utotoni.

Alhamisi, 8 Machi
Nimeng'oa vibati vyote vya majina kwenye miti. Kilatini kimekwenda chini ya rangi, majina halisi yako juu yake. Hortense ameuliza kama niko na homa. Wivu!

Ijumaa, 9 Machi
Profesa alisimama kwenye mukalitusi wa kwanza. Wa pili. Kwenye wa tisa akavua miwani. Akaniomba nilitamke neno polepole. Mukalitusi. Tena, bila mu. Kalitusi. Eu... kalitusi. Eukaliptusi. Mungu wangu! Papa Barnabé alicheka hadi akakalia toroli. Profesa hakucheka. Kumbe ni aina kumi na tisa, zilizoletwa kutoka Australia ili ionekane ipi inakua haraka kwenye udongo wetu, itoe magogo ya machimboni. Bila vibati, miaka ishirini ya utafiti ni kuni tu. Ndipo Hortense alipotoa daftari: kila mti, jina lake la Kilatini, mstari wake, kiuno chake. Kazi akapewa papo hapo. Mimi nirudishe vibati chini ya amri yake, nikimwita Citoyenne, yaani Bibi Raia.

Jumamosi, 10 Machi
Hortense ameniazima daftari. Ni hilo moja tu, nisilichafue. Maskini, ana bidii lakini hana mpangilio! Ameandika kwa kufuata mistari ya bustani. Nimezikata kurasa, kila mti kikaratasi chake, namba za mistari nimezitupa, sasa napanga kwa alfabeti. Jumatatu atanishukuru.