Jinsi Mwanvita Alivyouteka kwa Fedha Uso wa Shangazi Shamsia

Enyi wa Kaole na Mlingotini, mnaokuna nazi na mnaobishana barazani, nyamazeni kidogo! Wekeni mbuzi kando, zimeni simu, nikusimulieni habari za Mwanvita binti Khamis, mchoraji wa Bagamoyo, mwenye vidole vya rangi saba, ambaye vita alizaliwa navyo ndani ya jina lake.

Mwanvita alikuwa amesoma kwamba wachoraji wa kale, kabla penseli haijazaliwa, walichora kwa ncha ya fedha; mstari wake hutoka wa kijivu, miaka ikipita huiva ukawa wa hudhurungi, na haufutiki abadani. Moyo ukamwaka. Akatwaa bangili yake iliyokatika, akampelekea Shamsudin sonara, naye akaivuta ikawa uzi mwembamba, akauchomeka katika kijiti cha mwanzi.

Akaishambulia karatasi. Wapi! Fedha iliteleza isiache hata alama. Akaipaka karatasi chokaa ya ukutani. Ikabanduka vipande vipande. Siku tisa alishindwa shujaa wetu, na siku ya kumi akachoma mifupa ya mbuzi mpaka ikawa myeupe, akaisaga, akaikoroga kwa gundi, akaipaka karatasi tabaka tatu, ili fedha ipate pa kukwaruza. Zilipokauka akagusa kwa ncha, na loo! mstari ukatokea, mwembamba kama unywele. Majirani walifunga madirisha kwa ile harufu, lakini ni ushindi gani usio na moshi?

Ikabaki ngome ya mwisho: uso wa Shangazi Shamsia, aliyemlea, ambaye kesho yake alikuwa akihamia Pangani kwa mwanawe. Bibi huyo hakuwa na picha hata moja. Zote alizichana, kwa kuwa kila moja ilimtoa amenuna kama aliyedhulumiwa kiwanja.

"Shikamoo, Shangazi. Nakuomba nusu saa, usitikisike."

"Marahaba, mwanangu. Na ukikosea?"

"Nikikosea, kosa linabaki. Fedha haina kifutio."

"Ewe Mwanvita!" akanguruma bibi. "Nimezaa sita, nimezika mume, nimevumilia mawifi wanne, leo nishindwe na kiti?"

Akakaa kama mnara. Ncha ikapita kwenye paji la uso, ikashuka puani, Mwanvita akiivuta polepole, maana alijua kesho kiti kile kitakuwa kitupu. Ikafika mdomoni. Hapo jogoo wa jirani akaingia mbio, akatumbukia katika beseni la unga wa mifupa, akatoka mweupe pe kama bwana harusi. Shangazi akaangua kicheko. Mwanvita akashtuka, ncha ikaruka, na pembe ya mdomo ikapanda juu isivyokusudiwa!

Mwanvita akafumba macho.

"Lete nione," Shangazi akaamuru. Akaisogeza karatasi penye mwanga.

"Kumbe nikicheka nafanana na mama," akasema taratibu. "Usiguse tena. Hii naenda nayo."

Naam, iandikwe, na wajao wasome: Jumatano ile, kabla ya adhuhuri, kwa mstari uliokosewa wa urefu wa punje ya mchele, Mwanvita binti Khamis aliuteka uso uliozishinda kamera zote za pwani. Na huko Pangani, ukutani, Shangazi Shamsia anacheka mpaka leo.