Ng'ombe Wangu wa Dunia Tatu

Jumatatu, 8 Julai
Zizi langu tupu tangu masika. Jirani yangu Petronila kila akipita anauliza kama siku hizi nafuga vumbi. Mdomo ule! Leo nimepata dawa yake. Mjukuu wangu Yuster, mwenye kibanda cha michezo ya kompyuta hapa Nyakahura, ameweka shindano la wazee, eti tuache kusema kibanda chake ni cha wahuni. Unafuga ng'ombe ndani ya mashine. Jumamosi mwenye wengi anapewa mbuzi jike. Mbuzi wa kweli, tena ana mimba! Nimejiandikisha. Petronila naye. Nani kamwita?

Jumanne, 9 Julai
Yuster katufundisha. Kuna sanduku jeusi linalonguruma, analiita seva. Ndani mna dunia tatu, kila moja na watu wake, malisho yake, jua lake. Nikamuuliza nani kaziumba. Akasema yeye. Nikamwambia akaungame.
Shindano liko Dunia ya Kwanza, lakini kutembea zote ruksa, unapitia lango. Kila dunia ukiingia mara ya kwanza unapewa ndama wawili, dume na jike. Ukiwalisha wanazaana kuliko panya. Petronila kaingia moja, anawabembeleza ndama wake kama vitukuu. Mjinga. Mimi nimeingia zote.

Jumatano, 10 Julai
Marehemu baba hakuweka ng'ombe wote zizi moja. Wengine kwa rafiki Biharamulo, wengine kwa shemeji Bukiriro. Mwenye kijicho akichungulia, anaona wawili tu na kusikitika. Kumbe mzee tajiri!
Nami nimefanya hivyo. Dunia ya Kwanza nimeacha ndama wawili, wakonde mbele ya macho ya watu. Kutwa nzima niko Dunia ya Pili na ya Tatu, nalisha. Jumamosi nawaswaga wote kupitia lango. Petronila azimie!
Yuster alianza, eti Bibi, kuhusu hizi dunia... Nikamkatiza. Nilichunga ng'ombe kabla mama yake hajazaliwa.

Ijumaa, 12 Julai
Dume wangu wa Dunia ya Kwanza kafa kwa njaa. Hasara ndogo. Petronila kachungulia skrini yangu, akaniambia, "Pole, Mama Juvenali. Huyo ni ng'ombe au ni ngozi iliyoanikwa?" Nikajitia kulia. Akaninunulia chai na maandazi. Nikala yote. Kule kwingine nina kundi mpaka malisho hayaonekani!

Jumamosi, 13 Julai
Aibu.
Niliwaswaga asubuhi mpaka langoni. Nikavuka. Nikageuka, niko peke yangu. Nikarudi, wapo wote, wananitazama. Nikavuka tena. Peke yangu! Nikapiga mluzi, nikawatukana kwa Kisubi, lugha yetu ya nyumbani. Wapi! Nikamwita Yuster, kibanda kizima kikageuka. Akasema kinachozaliwa dunia moja hakivuki kwenda nyingine, na ndicho alichotaka kuniambia Jumatano. Sasa mbona hakusema kwa nguvu? Watoto wa siku hizi wana adabu isiyo na faida.
Mwamuzi alikuwa Thobias, bwana mifugo wetu, kalamu sikioni kama yuko mnadani. Akamkuta jike wangu mmoja, mbavu nje. Akaniuliza mara ya mwisho kuogeshwa dawa ya kupe ni lini. Nikamwomba ahesabu na wa kule. Akajibu kwamba wa kule watahesabiwa na bwana mifugo wa kule. Watu walicheka mpaka kuku wakakimbia. Petronila kaondoka na mbuzi, akipita polepole makusudi.

Jumapili, 14 Julai
Baada ya misa kaja Petronila na mbuzi. Zizi lake limejaa, na beberu wake anampiga pembe mgeni. Anaomba nimtunzie kwa desturi: mtoto wa kwanza wake, wa pili wangu. Nikasema nitafikiri. Nikafikiri mpaka alipofika kwenye mgomba wa mwisho, nikamwita.
Zizi lina mbuzi!
Nimempapasa tumbo. Mapacha, naapa. Petronila hana haja ya kujua. Nitamwonyesha mmoja, ahesabu ndiye wa kwanza wake; wa mzao ujao bado wangu. Mwingine ataondoka kimyakimya kwenda Murusagamba kwa dada yangu Deodata. Deodata mwaminifu. Wale mbuzi wangu watatu niliompelekea wakati wa masika, ili Petronila asiwaone, kila nikimpigia simu anasema bado wako mlimani, wanakula vizuri.