Fomu Mia Mbili za Daftari la Kijiji

Jumatatu, 5 Machi 1979
Karani mwenzangu Bonaventura ameandika mabadiliko ya kaya tisa tangu asubuhi. Tisa! Mimi nina akili. Nimechapa sentensi moja kwenye stensili: "Katika daftari, kaya ya ........ ibadilishwe, isomeke ........" Nimerudufu mia mbili. Sasa ni kujaza tu. Majina kutoka orodha za mabalozi wa nyumba kumi, habari za waliozaliwa, waliohama na waliofia vitani kutoka orodha za katibu, mstari kwa mstari. Hakuna haja ya kusoma!
Karatasi ya mzee Sindayigaya, balozi wetu, ina majina kumi na moja, ya katibu ina habari kumi. Hajui kuhesabu. Jina la mwisho nimeliruka.

Jumatano, 7 Machi
Nimemaliza. Bonaventura aliomba tulinganishe kwanza kabla ya nakala kwenda majumbani. Wivu huo. Nikamwambia vita havisubiri makarani wazembe. Tomasi, katibu wetu, amegonga mihuri bila kutazama.

Ijumaa, 9 Machi
Kilio cha Deodata kimefika hadi ofisini. Nakala yake inasema mumewe Kazimili, mgambo, amefia vitani. Masikini. Kazimili ndiye aliyeniezekea nyumba. Jirani yake Ildefonsa amehamia kwake, anampikia, anamlisha kama mtoto.
Mchana akaja mzee Sindayigaya na nakala yake. Nikamwamkia shikamoo. Aliuliza ni lini yeye alijifungua mapacha.
Mungu wangu. Jina lake aliliandika juu kabisa, kama mwenye orodha. Mimi nikalihesabu kama kaya. Kila habari imepanda kwa mtu wa juu yake! Kazimili yu hai. Chini yake ameandikwa Pancras. Mume wa Ildefonsa, naye mgambo.

Jumamosi, 10 Machi
Mpango: nizikusanye nakala kimyakimya, niseme ni ukaguzi. Ildefonsa akanipokea mlangoni. Akasema Deodata amelala, nisubiri. Akanipa maharage. Nikala. Nikarudi mikono mitupu.

Jumapili, 11 Machi
Baada ya misa Tomasi, aliyekwisha kuambiwa na mzee Sindayigaya, alinikokota kwa Deodata kusema ukweli. Deodata alicheka, akalia, akanikumbatia. Ildefonsa akapiga vigelegele kuliko wote. Kisha akageuka.
"Karani, basi aliyekufa ni nani?"
Nikatazama viatu. Tomasi naye akatazama vyake. Deodata akaacha kucheka, akamshika Ildefonsa mkono.

Jumanne, 13 Machi
Msiba umehamia nyumba ya pili. Nilipeleka mkungu wa ndizi, hakuna aliyeinuka kuupokea. Nimeuacha uani.
Tomasi amenipokonya daftari. Bonaventura ataandika upya yote, kwa mkono, kaya kwa kaya. Atamaliza mwakani! Na kosa si langu. Nani huandika jina lake juu ya orodha?
Nimehamishiwa zahanati. Kuna kadi za chanjo mia mbili na kumi, majina karatasi moja, tarehe karatasi nyingine. Muuguzi anajaza moja moja, anauliza kila mama. Nimemhurumia. Nimeshamwomba stensili.