Pingili ya Nane

Jumatatu, 3 Machi 1834, Paris
Nafasi ya kufundisha anatomia linganishi imetangazwa. Tuko wawili: mimi na Bwana Ferrand, mwenye miaka thelathini na kizibao cha hariri. Mimi nachemsha na kuunga mifupa ya wanyama katika jumba hili la makumbusho tangu nilipokimbia Venisi, miaka thelathini na saba. Wengine hufundisha, mimi huwashikia taa. Nataka kufundisha kabla sijafa. Ferrand kanipiga begani: Mzee Bortolan, usihofu, nikiipata nitakuachia masufuria yako. Nikacheka naye. Taya likaniuma.

Jumanne, 4 Machi
Njia ya kumwangusha imepatikana. Alhamisi Ferrand atafundisha mbele ya jopo, kwa kiunzi cha mifupa ya fisi maji nilichokiunga mwenyewe. Shingo ya mamalia ina pingili saba. Twiga saba, panya saba, mke wa waziri saba. (Yuko mnyama mmoja mzembe wa Amerika anayezidisha, huwa hatumtaji.) Nimefungua waya, nikaongeza ya nane, ya fisi maji mwingine wa kabatini. Kazi safi. Inasikitisha hakuna wa kumwonyesha.

Alhamisi, 6 Machi
Ukumbi tele. Ferrand kahesabu kwa fimbo. Saba. Ikabaki moja. Nikasimama ili nicheke vizuri. Akahesabu upya, akaligeukia jopo: waungwana, huyu si fisi maji tunayemjua, ni spishi mpya. Wote wakasimama kupiga makofi. Nami nikapiga, maana nilikuwa nimeshasimama.

Ijumaa, 7 Machi
Kapewa nafasi. Nikamwendea mkuu wa jopo, nikasema pingili ile ina walakini. Akauliza, waya za viunzi hufungwa na nani? Na mimi. Basi walakini ni wa nani? Nikasema nimekuja kutoa pongezi. Mlangoni Clotilde, bawabu wetu, akaniuliza: we mzee, mbona mweupe hivyo, leo wamekuchemsha wewe?

Jumapili, 9 Machi
Ferrand kapanda ghorofa zote tano hadi kwangu, kofia mkononi. Leo naitwa baba. Jopo linataka fisi maji wa pili mwenye shingo kama ile. Asipopatikana, nafasi itatangazwa upya. Mzoga unafika kesho, na mkono anaouamini ni wangu tu. Nikamhakikishia.

Nimewaza mchana kutwa. Ningeweza kumwunga kama alivyozaliwa. Lakini kosa langu sasa naliona wazi: nane zilikuwa chache. Huyu nitamwekea tisa. Kwa tisa, lazima wacheke.