Ubao Mweusi Juu, Ubao Mweusi Chini

Jumatatu, 4 Novemba 2024

Runinga imefika. Inchi hamsini na tano! Hakuna kubwa kama hii katika mtaa wetu hapa Sumbawanga, na nina shaka kama ipo nyingine kutoka hapa hadi stendi. Nimeinunua kwa mfanyabiashara anayevusha bidhaa mpakani Kasesya. Risiti ya ushuru ninayo. Fortunata, mke wangu, ameuliza tutaiweka wapi. Nimemjibu kwamba kabati la vyombo litahama. Ameuliza vyombo vitahamia wapi. Mwanamke huyu hajawahi kutazama mbele.

Niuandike mpango wangu ungali mbichi. Mvua inakaribia. Shamba langu la njia ya Laela halijalimwa hata tuta moja, na mgongo wangu ulistaafu ualimu siku moja na mimi. Masalu, baba mkwe wa binti yetu Sharon, anaishi Laela na ana maksai wanne na plau. Jirani yangu Flavian anawamezea mate maksai hao hao. Lakini Jumapili Masalu atakuja kwangu, si kwa Flavian. Atakuja kutazama mkanda wa harusi. (Siku hizi uko ndani ya flashi, lakini mkanda ni mkanda.)

Anakuja kwa sababu ya fahali wake, aliyeitwa Mheshimiwa. Siku ya harusi, Mheshimiwa aliongoza ng'ombe wa mahari hadi uani kwetu, utepe mwekundu ukiwa kwenye pembe, na watu wakasimama kana kwamba anapita mkuu wa mkoa. Akarudi Laela na bwana wake. Septemba akafa kwa ugonjwa wa ndigana. Masalu hana picha yake hata moja.

Atamwona kipenzi chake katika inchi hamsini na tano. Machozi yatamtoka. Nitaomba maksai kabla hayajakauka.

Baadaye: Nimejaribu mkanda. Msiba! Juu ya picha pana utepe mweusi. Chini pana utepe mweusi. Harusi ya binti yangu imebanwa katikati kama nyama ndani ya mkate. Nimezima, nimewasha, nimepiga kofi ubavuni. Weusi haukuondoka. Na nani amechungulia dirishani wakati huo? Flavian. Amesema, "Mwalimu, umestaafu lakini ubao umekufuata! Mmoja juu, mmoja chini. Chaki unayo?"

Nimefunga pazia.

Jumanne, 5 Novemba

Nimekwenda kwa Steven, aliyepiga ule mkanda. Amenisalimu, "Shikamoo Mwalimu, mambo?" Mzee hasalimiwi mara mbili kwa namna mbili. Nikapokea ya kwanza, ya pili nikaiacha mezani kwake.

Amedai kwamba hakuna kilichoharibika. Ati alipiga picha pana kama za sinema, ili ndugu wa pande zote mbili waenee. Picha ni pana kuliko umbo la runinga. Ili iingie yote bila mtu kuachwa, lazima ipungue, na ikipungua, juu na chini panabaki pakavu. Runinga inapaka weusi mahali pasipo na kitu. Basi.

Maelezo mepesi mno. Nimemuuliza mbona taarifa ya habari inajaa kutoka ukingo hadi ukingo. Akasema hiyo ilipigwa kwa umbo la runinga. Nimemuaga bila kumpa mkono.

Njiani nimekutana na Flavian. Amenionea huruma, jambo ambalo si kawaida yake. Ameuliza runinga ilipita mpaka gani. Nikasema Kasesya. Akatikisa kichwa taratibu. Akasema hivyo ndivyo zinavyokuwa za Kasesya zikiwa na kasoro kwenye ushuru: picha inakatwa juu na chini mpaka mwenyewe akamilishe. Amesikia kwa watu.

Nimelipima jambo hili kwa mantiki. Taarifa ya habari ni mambo ya Serikali, kwa hiyo haikatwi. Harusi ni mambo ya mtu binafsi, kwa hiyo inakatwa. Kila kitu kimekaa mahali pake!

Alhamisi, 7 Novemba

Kasesya na kurudi. Gari hadi Matai, gari jingine, kisha bodaboda iliyonipaka vumbi jekundu hadi kwenye nyusi. Suti ya kijivu, ile ya harusi, sasa ina rangi ya tofali.

Afisa wa forodha ni binti mwenye adabu. Ameniamkia vizuri. Ameisoma risiti mara mbili, akasema imekamilika. Nikamweleza kuhusu weusi. Ameniomba nieleze tena. Akamwita mwenzake, akaniomba nieleze mara ya tatu. Madereva wawili wa malori waliokuwa kwenye foleni wakasogea, nao wakataka kusikia ile sehemu ya taarifa ya habari.

Hatimaye binti akasema, kwa upole, "Babu, ushuru wako umelipwa wote. Na hata usingelipwa, Serikali haina rimoti ya sebuleni kwako."

Dereva mmoja amecheka hadi akaketi kwenye tairi.

Nimerudi nikiwa na mashaka. Binti yule alikana haraka mno.

Ijumaa, 8 Novemba

Siku mbili zimebaki. Fortunata ameniuliza, akipepeta ulezi, kwani weusi unamuuma nani. Harusi si inaonekana yote? Nimemweleza kwamba mtu hanunui gunia la debe sita akafurahia kujaziwa debe nne. Akasema gunia hilo ni langu mwenyewe, na mahindi yote yamo. Mfano wake haukuwa na mpangilio.

Leo nimetumia ufundi. Nimechukua vitambaa vyake vya kudarizi, vile vyeupe vya kwenye makochi, nikavibandika kwa gundi ya karatasi juu ya utepe wa juu na utepe wa chini. Weusi umetoweka! Nimeketi kutazama. Kwa dakika tano ilipendeza. Kisha kimoja kikalegea, kikamfunika padre katikati ya kiapo.

Flavian amepita mlangoni, ameona vitambaa vyeupe vyenye misalaba vikining'inia, akavua kofia na kupiga ishara ya msalaba. Akauliza Misa ni saa ngapi.

Fortunata amevikuta vitambaa vyake vina gundi. Leo nimekula peke yangu.

Jumamosi, 9 Novemba

USHINDI!

Nilikuwa nikibonyeza rimoti yote, kitufe baada ya kitufe, kwa utaratibu, kama mtu anayesahihisha madaftari. Kuna kitufe chenye mishale minne. Nimekibonyeza. Picha ikatanuka! Weusi ukatoka juu, ukatoka chini, ukaenda zake. Sharon na mumewe Sayi wamejaa ukuta mzima. Pete inaonekana kama tairi la baiskeli.

Nimewatazama wakiapa, nikazima. Umeme si wa kuchezea, na sikuona haja ya kutazama mengine. Kilichokwenda vizuri mwanzoni kitakwenda vizuri hadi mwisho.

Nimempigia Masalu. Nikamwambia ajiandae kumwona Mheshimiwa mkubwa kuliko alivyokuwa hai. Kisha akasema, "Mkwe, tangu afe sijamsikia mtu akimtaja kwa jina. Nitakuja na gari la kwanza."

Nimemwalika Flavian pia. Nataka awepo.

Jumapili, 10 Novemba

Niandike polepole.

Masalu alifika baada ya Misa ya pili, na koti, na kofia, na fimbo yake. Alikula ugali wa ulezi na migebuka, samaki wa Kasanga, akamsifu mpishi, akaomba kiti cha mbele kabisa. Flavian alikaa nyuma, mikono kifuani. Nikawasha. Weusi hakuna! Niligeuka nimtazame Flavian. Alikuwa ameikazia runinga macho. Nilidhani ni wivu.

Kanisani mambo yalikuwa mazuri. Mkanda ulipofika nje ya kanisa ndipo Fortunata alipouliza dada yake Bertilla yuko wapi. Siku ile alisimama mwisho wa mstari wa akina mama. Nikasema labda alikwenda msalani. Akauliza, katika kila picha? Kisha ikasikika sauti ya Masalu akiimba. Masalu mwenyewe hakuonekana. Akauliza kwa upole kama yeye naye alikuwa msalani.

Kisha uani kwetu. Vigelegele. Ng'ombe wa mahari katikati, safi kabisa, unaweza kuhesabu kupe. Na kushoto, ukingoni, mkia.

Mkia mmoja. Ukipunga.

Masalu aliinuka. Alikwenda hadi kwenye runinga, akaweka shavu ukingoni, akachungulia ubavuni. Hakuona kitu. Akazunguka, akachungulia nyuma, kwenye waya. Mkia ulipunga mara mbili, ukatoka.

Akarudi kuketi, kofia magotini. "Mkwe," akasema, "mmemkata."

Nikasema labda ataingia baadaye. Tulisubiri. Hakuingia. Ilikuja keki.

Hapo Flavian akasimama. "Mzee Masalu, twende kwangu. Runinga yangu ni ya zamani, ina chogo, na ni ndogo kama mzinga wa nyuki. Lakini haijawahi kumfukuza mgeni."

Akachomoa flashi. Flashi yangu! Wote wakatoka. Fortunata naye akatoka, na sahani ya migebuka. Nikabaki na inchi hamsini na tano.

Nilifuata. Flashi ni mali yangu.

Kwa Flavian, deki la zamani lilichomekwa kwenye ile runinga ya chogo. Weusi! Juu mpana kama barabara ya Tunduma, chini vile vile, kwa maana ile runinga inakaribia kuwa ya mraba. Picha ilikuwa ukanda mwembamba kama rula. Lakini ndani ya rula walikuwemo wote. Bertilla mwisho wa mstari. Masalu akiimba, mdomo wazi. Mimi kulia kabisa, na suti. Na kushoto kabisa, tangu utepe mwekundu hadi ncha ya mkia, Mheshimiwa.

Masalu alipiga magoti sakafuni ili aone vizuri. Akamwita kwa Kisukuma, maneno mengi, ya chini chini, kisha akapiga mluzi ule wa kumwita machungani. Na ng'ombe yule kwenye rula aligeuza kichwa! Bila shaka siku ile alikuwa amesikia kitu kingine. Lakini aligeuza. Masalu akacheka na kulia pamoja. Flavian alijifanya anatafuta kiberiti. Nami jicho liliwasha kidogo. Nyumba ile ina moshi.

Walirudia mara nne.

Tulipomsindikiza stendi, Masalu alinishika bega. Akasema hana kinyongo. "Mkwe, nikitaka kuliona kundi zima, nasimama mbali. Mbingu inakuwa kubwa juu, vumbi linakuwa kubwa chini, lakini ng'ombe wote wapo. Nikisogea karibu sana, naona mkia. Wewe ulisogea."

Niliitikia kwa adabu. Sikuona uhusiano. Tulikuwa tunazungumzia runinga.

Kisha akamwambia Flavian kwamba maksai watafika kwake Jumanne.

Jumanne, 12 Novemba

Mvua ya kwanza imenyesha. Kumbikumbi wametoka. Maksai wanne wamepita mbele ya dirisha langu, polepole, na Flavian nyuma yao akiimba. Ameniuliza kama nina salamu za kuwapa. Nimefunga pazia.

Fortunata ameirudisha picha ya runinga ilivyokuwa, na weusi wake, na amemwalika Bertilla aje ajitazame. Wamecheka mchana kutwa. Mimi nilikuwa chumbani nikipanga hatua mpya.

Jumatano, 13 Novemba

Mungu hamtupi mja wake! Masalu amepiga simu. Maksai wakimaliza kwa Flavian, Jumatatu watakuja kwangu. Shamba langu limeokoka! Anaomba jambo moja tu: picha ya Mheshimiwa, ya karatasi, itoke kwenye ule mkanda, kubwa ya kutundika ukutani. Aipate kabla ya maksai kuondoka Sumbawanga. Amesema hana haraka na kingine chochote duniani.

Nimekwenda mwenyewe. Jambo hili halitaki kutumana. Kwanza sokoni, nimechagua fremu ya dhahabu yenye maua kwenye kona. Fremu ya heshima. Kisha kwa Steven. Ameitafuta ile picha ya uani, ameichapa. Nzuri ajabu! Tumeiweka ndani ya fremu.

Juu, nafasi tupu. Chini, nafasi tupu. Nyeupe safari hii!

Steven amesema picha ni pana kuliko fremu, kwamba duka la pili lina fremu ndefu, ni hatua ishirini tu. Nimemkumbusha nani kati yetu alifundisha miaka thelathini na minne. Sitampelekea mkwe wangu picha yenye pengo juu na pengo chini, Flavian aione na kuniuliza chaki iko wapi.

Nimemwagiza aikuze mpaka fremu ijae, na kinachozidi akikate. Ameuliza akate upande gani.

Kulia nimesimama mimi, na suti ya kijivu ikiwa bado safi.

Nimemwambia kushoto.